Khantoke ya Chiang Mai kwa mgeni asiyekula nguruwe

SWALI: Mimi na mume wangu tunampeleka mama mkwe Thailand mwezi Desemba, na siku tatu tutakuwa Chiang Mai. Wakala wa safari ametupangia "khantoke", chakula cha jioni cha kaskazini chenye ngoma za asili. Nimesikia watu hula chini, kwa mkono, na nguruwe yumo karibu kila sahani. Sisi ni Waislamu, na mama ana miaka 68, magoti hayamruhusu kukaa chini. Twende au tuache? Na tukienda tutazame nini, maana ngoma zenyewe hatuzijui? Kama kuna mchuzi ninaoweza kuujaribu nyumbani, nielekeze. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Nendeni, dada, ila usimwachie wakala kazi yote. Karibu kila kinachoharibika kwenye khantoke huwa kimeharibika siku mbili nyuma, pale meza ilipowekwa bila kusema nani hali nini na nani hawezi kukaa chini. Ukifika saa moja usiku, ukumbi umejaa, ndipo uanze kueleza habari za halali, jikoni wameshapakua.

Tuanze na chombo chenyewe. "Khan" ni bakuli, "toke" ni meza fupi ya mviringo yenye kimo cha shibiri moja na nusu hivi. Ukiinama ukaiangalia utaona sehemu tatu: sinia la juu lenye ukingo, miguu sita au zaidi iliyochongwa kwa kerezo, na pete ya chini inayoishika miguu isitawanyike. Nyingine ni za mbao, nyingine za mianzi au henzirani, na nzuri zake hupakwa utomvu wa mti unaokauka ukang'aa, nyekundu kwa nyeusi. Vibakuli vya kitoweo hupangwa juu yake, watu wakaizunguka. Kwa mtu aliyekulia kwenye sinia na mkeka hapo hakuna kigeni, isipokuwa sinia limeota miguu.

Wakala huenda akakwambia kwamba hii ni karamu ya kifalme ya miaka 700. Msikilize, ila chuja. Mji ni wa zamani kweli: Mfalme Mangrai aliuasisi mwaka 1296 kuwa makao ya ufalme wa Lanna. Meza ni ya zamani pia, na familia za huko zilikula juu yake siku zote. Lakini khantoke kama tafrija ya wageni, yenye ngoma baada ya mlo, ilianza mwaka 1953, pale Kraisri Nimmanahaeminda, mtu wa benki na mtafiti wa mila za Chiang Mai, alipomwandalia karamu ya kumuaga jaji Sanya Dharmasakti, ambaye miaka ishirini baadaye akawa waziri mkuu. Mwaka 1971 kituo cha Old Chiang Mai Cultural Center kilifunguliwa barabara ya Wualai na kuifanya biashara, na kumbi nyingine kama Khum Khantoke zikafuata. Kwa hiyo utakachokiona ni vitu vya kweli vilivyokusanywa mahali pamoja kwa ajili ya mgeni. Kama umewahi kuangalia ngoma za jioni kwenye hoteli za ufukweni Zanzibar au Diani, umbo ni hilohilo. Wachezaji wanaijua kazi yao, ila usiku huo wanacheza kwa sababu umekata tiketi.

Sasa viti. Kumbi nyingi zina namna tatu za kukaa. Kuna mkekani, penye mito ya pembetatu ya kuegemea. Kuna sakafu yenye shimo chini ya meza, ambamo miguu inaning'inia. Na kuna meza na viti vya kawaida, mara nyingi pembeni au nyuma. Wakala akisikia "magoti" atakupa shimo, akidhani amekusaidia. Kwa mama haitasaidia: ili aingie humo lazima kwanza ajishushe mpaka sakafuni, kisha azungushe miguu, na baada ya saa mbili ainuke tena bila kitu cha kushika. Mwombee kiti. Tena ombeni viti nyote watatu, kwa sababu chakula ni cha sinia moja; mama akiwa kitini na nyinyi mkekani, ataletewa visahani vyake peke yake kama mgonjwa. Sema pia mnataka meza iliyo upande wa jukwaa. Viti vya nyuma kabisa vinaona vichwa vya watu, na fon, ngoma za huko, ni ngoma za vidole na viwiko. Ukiwa mbali hupati kitu.

Tukija kwenye nguruwe, uliyoyasikia ni kweli. Tuipitie meza ya kawaida. Gaeng hang le ni mchuzi mzito wa nyama ya nguruwe yenye mafuta. Nam phrik ong, kitoweo chekundu cha nyanya na pilipili, kina nyama ya nguruwe ya kusaga. Khaep mu, vile vipande vyepesi vinavyovunjika kama kaukau, ni ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikavimba. Sai ua, soseji yenye mchaichai, manjano na majani ya mdimu, ni nguruwe ndani na utumbo wake nje. Kitimoto, dada, kwa kila umbo. Kuku wa kukaanga huwepo, na kabichi ya kukaanga pia, lakini kuku anaweza kuwa ameingia kwenye mafuta yaliyotumika kwa khaep mu, na kabichi mara nyingine hupikwa na mabaki ya nyama au mafuta yake.

Nam phrik num haina nyama mara nyingi: ni pilipili ndefu za kijani, vitunguu na kitunguu saumu vilivyobanikwa mpaka maganda yakaungua, vikamenywa, vikatwangwa. Ila huongezwa chumvi ya samaki au uduvi uliochachushwa, na huletwa pamoja na khaep mu ya kuchovya. Usichanganye na nam phrik ong. Ya kijani na ya nyuzinyuzi ndiyo num, nyekundu kama rojo la nyanya ndiyo ong.

Kumbi kubwa hutoa mpangilio wa Waislamu ukiagizwa mapema, angalau siku moja kabla, na mwingine wa wasiokula nyama. Hapa ndipo pa kuuliza kwa undani, maana "ya Waislamu" kwa mpishi asiye Mwislamu huenda ikamaanisha tu "tumetoa nguruwe". Maswali ni matatu: kuku anatoka kwa mchinjaji mwenye alama ya halali? Mafuta na kikaango ni vya peke yake? Mchuzi wa hang le mtaupika na nyama gani? Jibu la tatu likiwa "tutachota mchuzi tutoe nyama", mmepata jibu la yote matatu.

Kama hayaridhishi, kuna njia ya katikati. Agiza mlo wa "jay". Hili ni neno la Kithai la mlo usio na chochote cha mnyama, wala sosi ya samaki, wala kitunguu saumu. Usiseme "sili nyama" tu, kwa sababu kwa wapishi wengi sosi ya samaki na supu ya mifupa hazihesabiki kuwa nyama. Wali wa kunata wenyewe ni mchele na maji, basi. Au fanyeni hivi: kuleni kwanza mtaa wa msikiti wa Ban Ho, karibu na soko la usiku, ambako Waislamu wenye asili ya Yunnan, China, wamekaa kwa vizazi na khao soi, yaani tambi za mchuzi wa bizari na tui, ya kuku au ng'ombe inapikwa na Waislamu wenyewe. Kisha nendeni khantoke mle wali, matunda na mboga, mtazame ngoma. Mtalipa mlo msioumaliza, lakini mtakaa kwa utulivu. Kwa familia inayoshika mambo haya kwa ukali, mimi ningechagua hii.

Maneno ya kushika: "mai kin mu" ni sili nguruwe. "Mai phet" ni bila pilipili. Kama kuna mwenye mzio wa karanga, "phae thua," na hilo ni la lazima, kwa kuwa hang le hutiwa karanga nzima.

Desemba inawafaa kwa jambo jingine. Jua la Chiang Mai mwezi huo huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo Magharibi mtaiswali hotelini kwa raha kabla ya kutoka, na Isha mkirudi. Anayekwenda Juni au Julai hubanwa, maana jua huzama baada ya saa moja, chakula kikiwa mezani. Mchukulieni mama shali au sweta. Kumbi nyingi ziko wazi pembeni, na usiku wa Desemba kule si wa Tanga.

Fikeni saa kumi na mbili na nusu. Kwa kawaida chakula huanza kati ya muda huo na saa moja, na ngoma hufuata nusu saa hadi saa nzima baadaye. Wageni wengi hukosea hapa kwa kuchelewa, wakadhani watakula huku wakitazama. Taa zikishazimwa huoni unachochovya, na wahudumu hawapiti tena mara kwa mara. Vibakuli ni vidogo makusudi: kikiisha, inua mkono, kitajazwa bila malipo. Kumaliza kimoja na kuomba kingine si uroho, ndivyo meza ilivyopangwa. Chakula kingi huwa na pilipili kidogo kuliko cha nyumbani kwao, kwa ajili ya wageni, na tui hutalikuta kwenye hang le wala nam phrik. Vyakula vingi vya kaskazini havina nazi, khao soi ndiyo inayojulikana zaidi kwa tui.

Wali wa kunata utaletwa ndani ya kikapu chenye kifuniko. Si wali wetu uliokosewa maji. Mchele wake ni wa aina nyingine, huloweshwa saa sita hadi usiku kucha, kisha hupikwa kwa mvuke ndani ya chombo chenye matundu, maji yasiuguse kabisa. Ukiiva hupinduliwa juu ya ubao mpana na kugeuzwa kwa mwiko ili mvuke utoke, la sivyo hugeuka uji ndani ya kikapu. Ulaji wake: mega tonge la ukubwa wa ndimu, funika kikapu hapo hapo. Wali ukipigwa na hewa kwa dakika chache unakuwa mgumu kama mpira, na hili ndilo kosa la kila meza ya wageni. Lifinye tonge kwa ncha za vidole vitatu, usilikande kiganjani kama ugali, maana likipata joto la kiganja linashika ngozi. Lifanye bapa kidogo, chovya ukingo wake kwenye kitoweo, bana kipande cha mboga kwa kidole gumba, peleka mdomoni. Ukilichovya lote linalowana na kumeguka ndani ya bakuli la wote. Vidole vikianza kunata, usivilambe. Chukua tonge jingine dogo, libonyeze juu ya vidole, linaondoka na ule utando. Anayetaka wali wa kawaida na kijiko ataletewa.

Miguu: popote ulipokaa, nyayo zisimwelekee mtu wala jukwaa, wala usiruke meza au kikapu. Wanawake wakikaa mkekani hukunja miguu upande mmoja. Pwani tulifundishwa hayohayo na bibi zetu, sina haja ya kuongeza.

Sasa ngoma. Muziki utausikia kabla wachezaji hawajaonekana. Kundi la vyumba na bustani lina zeze lenye mguu linaloitwa salo, na sueng, mfano wa gambusi. Kundi la maandamano lina zumari, upatu na ngoma ndefu inayopigwa polepole: pigo moja, kimya, upatu. Usikose kukiangalia kile kimya, kwa sababu ndicho wachezaji wanachokihesabu.

Fon lep, ngoma ya kucha, mara nyingi ndiyo ya kufungulia. Wanawake kwa idadi ya shufwa, nywele zimefungwa na maua, sketi ndefu ya mistari, na kwenye vidole vinane wamevaa kucha ndefu za shaba zilizopinda. Vidole gumba huachwa wazi. Wageni hutazama nyuso na kuona wanawake wanatembea taratibu mno, wakachoka. Ni ngoma ya kutembea kweli: asili yake ni maandamano ya kwenda hekaluni, hasa wakati wa kuzindua jengo jipya la hekalu, na mwendo ulitawaliwa na ngoma iliyobebwa nyuma. Tazama mikono. Mkono mmoja unapanda, mwingine unashuka, na pale inapopishana kifundo hugeuka kwanza, vidole vikafuata, kucha zikaja mwisho kabisa, kama mkia wa samaki unaochelewa nyuma ya mwili. Mchezaji hodari kucha zake hazigongani. Ukisikia mgongano wa shaba, kuna aliyewahi au aliyechelewa.

Fon thian ni dada yake. Hatua karibu ni zilezile, kucha zimevuliwa na kila mkono umeshika mshumaa uliowashwa. Taa huzimwa. Ngoma hii inahusishwa na Binti Mfalme Dara Rasmi wa Chiang Mai, aliyekuwa mke wa Mfalme Chulalongkorn na aliyerudi kwao mwaka 1914. Aliwafundisha wachezaji wa kumpokea Mfalme Prajadhipok alipozuru kaskazini mapema 1927, na ngoma nyingi zinazoonyeshwa leo zilipita mikononi mwake. Angalia kiganja kinapogeuzwa: mwali hauna budi kubaki umesimama, la sivyo nta inamwagikia mkono. Hapa ndipo simu zinapoharibu kila kitu. Mwanga mmoja wa kamera unaua giza la ukumbi mzima. Pigeni picha kwenye ngoma ya kucha, simu zikae mfukoni kwenye mishumaa.

Katikati kuna za kuamsha watu. Fon dap ni mwanamume na mapanga, anaanza na mawili, anaongeza, mpaka yanabanwa kwapani, magotini na mdomoni, na bado anazunguka. Klong sabat chai ni ngoma kubwa iliyokuwa ya vita, na sasa mpigaji huigonga kwa fimbo, viwiko, magoti, hata kichwa. Ina kishindo kikubwa, mama akikaa karibu mno na jukwaa atasikia kifuani. Fon sao mai inaonyesha kazi ya uzi: mikono inayozungukana mbele ya kifua inakunja uzi, mkono unaovutwa mbali unaunyoosha. Ukijua hilo unaisoma kama hadithi. Wanaocheza wakiwa na mbawa za ndege wanaigiza ngoma ya Washan, majirani wa mpakani Myanmar. Akitokea Hanuman, nyani mweupe, huyo ni wa Bangkok, amewekwa kwa sababu watalii humpenda.

Kumbi kadhaa humalizia na ngoma za watu wa milimani: Wahmong, Walisu, Walahu, Waakha. Sehemu hii naiona dhaifu kuliko zote. Makabila yenye lugha tofauti hupewa dakika chache kila moja, bila maelezo, na mgeni huondoka akidhani ni kitu kimoja chenye nguo za rangi nyingi. Mama akiwa amechoka, ondokeni hapo, hamtakuwa mmekosa moyo wa usiku.

Msipoondoka, mwishoni kabisa wachezaji hushuka kuwaita wageni kwenye ramwong, ngoma ya duara. Si lazima, ukitikisa kichwa na kutabasamu wanapita. Ukiingia, zunguka na duara linakokwenda, kunja kidole gumba na cha shahada vikutane, vingine vinyooke nje, geuza kiganja kwa kila hatua. Kumtunza mchezaji pesa mkononi hapana. Pakiwa na kisanduku, kitumieni.

Kurudi, pangeni gari mapema. Ngoma huisha karibu saa tatu usiku na watu wote hutoka mara moja. Ikiwa ni Jumamosi na ukumbi uko Wualai, sehemu ya barabara hiyo inafungwa kwa soko la jioni. Tokeni hotelini nusu saa kabla ya muda wenu.

Na mchuzi wa nyumbani ni hang le ya ng'ombe. Uliingia Lanna kutoka Myanmar, iliyoitawala Chiang Mai tangu 1558 kwa zaidi ya miaka 200, ndiyo maana ladha yake mtu wa pwani anaitambua. Kwa watu sita: nyama ya ng'ombe yenye mafuta kidogo kilo 1, vipande vikubwa vya kukaribia ndimu. Twanga pilipili kavu kubwa 6 zilizoloweshwa, shina 2 za mchaichai, vitunguu vidogo 5, kitunguu saumu punje 8, manjano kijiko cha chai, chumvi. Changanya na nyama pamoja na bizari ya mchuzi vijiko 2 vya chakula, acha saa nzima. Kaanga polepole bila maji mpaka nyama itoe mafuta yake, kisha tia maji ya kuifunika, chemsha kwa moto mdogo saa moja na nusu. Ndipo uweke tangawizi gramu 60 iliyokatwa njiti nyembamba, punje 10 za kitunguu saumu nzima (huko ni za achari, zako ziloweke kwenye siki na sukari usiku mmoja), karanga zilizokaangwa kikombe nusu, ukwaju mzito vijiko 3 na sukari guru kijiko 1. Dakika 20 zaidi. Ukwaju ukiutia mwanzoni nyama hukawia kulainika, na tangawizi ikiingia mapema hupoteza ukali. Mchuzi uwe mzito wa kushika nyama, mafuta yaelee juu. Usiupakue siku hiyo kama unaweza kuvumilia, keshoye ndio mtamu, na kwa lugha ya kule mtasema "lam tae tae", mtamu kwelikweli.